Doa la kuzaliwa si uchawi, na laseri si anasa

LUBUMBASHI – Mtoto akizaliwa Katuba ao Kenya na doa jekundu usoni, maneno yanaanza kabla kitovu hakijaanguka. Mmoja anasema mama alimcheka kilema wakati wa mimba. Mwingine anasema ni uchawi. Mchungaji anadai sadaka ya maombi, mganga wa kienyeji analeta majani ya kuchoma ngozi. Anayebaki na kovu ni mtoto.

Doa hilo ni mishipa midogo ya damu kwenye ngozi. Halikutoka kwa chakula cha mama wala kwa macho ya jirani. Tena sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaadhibu kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Anayemnyooshea kidole mtoto huyo hatabiri, anavunja sheria.

Lakini kosa lingine liko kwa waliosoma. Mama akifika kituo cha afya anaambiwa: "Ni doa tu, litaisha." Kwa mtoto mmoja ni kweli, kwa mwingine ni uongo.

Kuna doa linaloitwa hemanjioma. Linaonekana majuma machache baada ya kuzaliwa, linavimba upesi miezi 5 ya kwanza, kisha linanywea polepole kwa miaka. Mengi hayahitaji dawa. Lakini likiwa karibu na jicho, kungoja kunaweza kumharibia mtoto macho. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kwamba propranololi, dawa ya zamani ya moyo na presha, inalipunguza. Dawa hiyo ni ya bei ndogo; kinachotakiwa ni daktari wa kuipima na kumfuata mtoto.

Doa la pili ni lile la rangi ya divai. Mtoto anazaliwa nalo na haliishi lenyewe. Linakolea na kunenepa kadiri anavyokua. Likishika paji la uso na kope, macho na ubongo vipimwe, maana presha ya jicho na kifafa vinaweza kulifuata. Hili ndilo la laseri. Mwanga wake unafyonzwa na damu, unaziba mshipa kwa joto na kuiacha ngozi salama. Kazi hiyo, iliyoanza miaka ya 1980, inarudiwa mara kadhaa, na ikianza mapema inafaa zaidi. Ngozi nyeusi nayo inafyonza mwanga na inaweza kuungua, kwa hiyo inataka mkono uliofundishwa. Si kazi ya saluni.

Wakubwa wanajibu kwamba laseri ni urembo wa matajiri wakati malaria inaua. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama malori ya shaba yasingepita kila siku kuelekea Kasumbalesa. Mtoto anayefichwa nyumbani, anayekimbia masomo kwa kuchekwa, hatafuti urembo.

Wizara ya afya ya jimbo ianze na yasiyo ghali: mkunga ajue kutofautisha madoa haya mawili, propranololi isikose, na mtoto mwenye doa kwenye kope atumwe kwa daktari wa macho. Kisha hospitali moja ya serkali ipate laseri na daktari aliyefundishwa kuitumia. Tajiri anampandisha mtoto wake ndege. Mtoto wa Katuba anangoja, na doa lake halingoji.