GARI LA NYUMBANI: Manifoldi ya turbo haichaguliwi kwa kung'ara

Juma lililopita mtoto wa kaka yangu alinijia barazani pangu Malindi baada ya sala ya alasiri, simu mkononi. Alipokwisha kuniamkia alinionyesha picha ya mabomba manne yaliyopindwa kwa ustadi na kung'arishwa mfano wa vyombo vya bibi harusi. "Ami," akasema, "fundi ananiambia manifoldi ya gari yangu imepasuka. Nataka kuagiza hii."

Kijana huyu ana Toyota Hiace ya zamani yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, lita 3, nayo ina turbo. Siku za kazi huchukua wageni kutoka uwanja wa ndege hadi Nungwi au Jambiani. Jumapili gari hiyo hiyo humpakia mkewe na watoto kwenda shamba. Basi suala lake linawahusu wengi wetu ambao gari moja ni ajira na ni chombo cha nyumbani.

Kwa wale wasioijua, manifoldi ni kile chuma chenye matawi kinachopokea moshi kutoka katika silinda zote na kuuelekeza njia moja. Katika gari lenye turbo, moshi huo huzungusha gurudumu dogo la turbo, nalo husukuma hewa zaidi ndani ya injini. Fikra hii ni ya zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikishia hataza mwaka 1905, mwaka ule ule ilipojengwa reli ya Bububu hapa kwetu. Reli imekwisha zamani. Turbo ndiyo kwanza imejaa barabarani.

Manifoldi hii inabeba mzigo mkubwa. Injini ya dizeli ikifanya kazi nzito, moshi kabla ya kuingia katika turbo huweza kufika nyuzi 700 za sentigredi. Chuma kikipata moto hurefuka, na kikipoa hurudi. Kipande cha nusu mita cha chuma cha kusubu, yaani kile kilichomiminwa katika kalibu, kikipanda nyuzi 600 hurefuka kiasi cha milimita tatu na nusu. Bomba la chuma kisichoshika kutu hurefuka milimita 5 hivi. Kadhalika turbo yenyewe ni nzito, na aghalabu huning'inia juu ya manifoldi hiyo hiyo. Mabomba membamba yaliyounganishwa kwa kuchomelewa yataubeba uzito huo huku yakirefuka na kunywea kila siku, gari ikiruka mashimo. Mara nyingi huanza kupasuka pale pale yalipochomelewa.

Sisemi kwamba mabomba yale hayana maana. Katika gari la mashindano, kila silinda ikipewa bomba lake refu, msukumo wa moshi wa silinda moja hauigombi nyingine, na injini hupata nguvu zaidi ikizunguka kwa kasi kubwa. Lakini dizeli hii hutoa nguvu yake ya juu kabisa kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika. Na kwa kasi gani utakwenda hapa Unguja, kutoka kituo cha ukaguzi hadi tuta? Manifoldi fupi na nzito huhifadhi joto la moshi, na joto hilo ndilo chakula cha turbo. Gari huitikia mapema unapotoka taratibu Darajani ukiwa na abiria kumi. Nilimwambia wazi: "Mwanangu, hiyo ni pambo."

Ndipo nikamwuliza jambo jingine. "Mkeo hajalalamika kuumwa na kichwa mkiwa safarini?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba ndiyo, kila wakirudi kutoka Nungwi, na wao wakidhani ni jua.

Hapa nawaomba wasomaji wanisikilize. Katika Hiace za namna hii injini iko chini ya viti vya mbele. Manifoldi ikipasuka, moshi hutoka kabla ya kulifikia bomba la nyuma, na kifuniko cha injini kikiwa na mpira uliochakaa, moshi huo hupanda ndani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Ndani yake mna kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Dizeli huitoa kwa uchache kuliko petroli, lakini uchache huo si ruhusa ya kumvutisha mtoto. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida ni dalili za kusimamisha gari, kuzima injini na kushuka. Masizi meusi kando ya gasketi, au mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, ni dalili za kumwendea fundi.

Tulikwenda gereji pamoja. Fundi alitaka kuuziba ufa kwa kuchomelea. Chuma cha kusubu huchomeleka, lakini hutaka kupashwa moto kwanza, vijiti vya nikeli, kisha kupozwa polepole. Bila hivyo hupasuka upya kando ya kovu. Nikashauri tutafute ya asili iliyotumika. Tulipoipata tuliipaka chokaa upande mmoja na mafuta ya taa upande wa pili, tukasubiri. Ya kwanza ilitoa mstari wa unyevu kwenye chokaa, tukairudisha kwa muuzaji aliyekasirika kidogo. Ya pili ilibaki kavu. Tuliweka rula ya chuma juu ya uso wake. Wembe ukapita chini ya ncha moja, basi ikapelekwa kwanza kusawazishwa kwa mashine.

Lakini kwa nini ile ya zamani ilipasuka? Fundi alilala chini ya gari akakuta mpira unaoshikilia bomba la moshi umekatika, haijulikani tangu lini. Bomba zima lilikuwa likiivuta turbo na manifoldi kila gari iliporuka. Hata ile ya kung'ara ingevunjika, tena mapema zaidi.

Mpira mpya, gasketi mpya, boliti na nati mpya, zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Kifuniko cha injini nacho kikapata mpira wake. Fundi alimtaka arudi baada ya siku mbili, injini ikiwa imepoa, nati zikaguliwe tena. Kijana alitaka kuahirisha kwa sababu ana wageni wa Makunduchi. Mkewe, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akamwambia wageni watasubiri.