SAFARI YA MARAFIKI WA SHULE: MCHANGO USIWE UKUTA

Siku hizi imezuka desturi ya watu waliosoma darasa moja kukusanyika tena baada ya miaka mingi na kufunga safari ya kwenda kutazama mahali penye mandhari nzuri. Wengine huenda pwani, wengine mbugani, wengine milimani. Wako wanaoisifu desturi hii, na wako wanaoilaumu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa shule hii, tena nilisoma papa hapa, nikamaliza kidato cha nne mwaka 1995. Desemba iliyopita nilikwenda safari ya namna hiyo pamoja na wenzangu. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu.

Wanaolaumu husema hivi: fedha hizo zingenunua madawati, au zingewalipia watoto maskini sare na madaftari. Neno hili lina haki yake, wala silidharau. Lakini nauliza: nani atakayechanga dawati pamoja na watu asiowajua wako wapi? Darasa letu lilikuwa na watu thelathini na wanane. Tulipoanza kutafutana, tuligundua kwamba wenzetu wanne wamekwisha fariki, na mmoja wao alizikwa mwaka mzima uliotangulia bila hata mmoja wetu kupata habari. Mtu tuliyelala naye bweni moja miaka minne! Ujirani wa namna hiyo ukikatika, hapana dawati wala sare itakayotoka humo. Kwanza watu waonane, ndipo waweze kutenda jambo.

Kwa hiyo mimi nasema safari ni njema. Ila ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo ni mchango.

Katika kundi letu la simu, shauri la kwanza lilikuwa twende kwa ndege, tulale katika hoteli kubwa ufukoni, kila mtu atoe shilingi 450,000. Waliokubali walikuwa kumi na mmoja. Wengine hawakukataa, walinyamaza tu. Ndugu msomaji, kimya cha namna hiyo chafaa kisikilizwe sana. Mtu mwenye kazi ya vibarua, au mjane mwenye watoto watatu shuleni, hatasema mbele ya wenzake wa zamani kwamba hana. Atasema ana dharura. Baadaye atajitoa katika kundi usiku, watu wakiwa wamelala. Hivyo jambo lililokusudiwa kuwaunganisha watu huwa ndilo linalowatenga, na mchango hugeuka ukuta.

Wako waliotetea kiasi kile. Mmoja alisema, "Asiyeweza na angoje mwaka mwingine." Mwingine akasema kwamba watu wazima hawawezi kulala kama watoto wa bweni. Mimi na wengine wachache tulipinga. Tuliposoma hapa, wa tajiri na wa maskini walikula uji wa sufuria moja. Iweje leo, tulipokwisha kuota mvi, sufuria iwe mbili?

Mwisho tulikubaliana hivi. Mchango uwe shilingi 90,000, kiasi ambacho wengi wangeweza kukiweka kidogo kidogo kwa miezi sita. Mwenye uwezo zaidi na aongeze, ila ampe mtunza hazina peke yake, na jina lake lisitajwe. Asiyeweza hata hizo na amwambie mtunza hazina peke yake vile vile. Twende kwa basi dogo la kukodi, tulale katika nyumba ya wageni ya kawaida, na mahali pawe Lushoto. Waliokuja walikuwa ishirini na sita. Mpaka leo sijui nani alitoa nyingi na nani hakutoa kitu, wala sitaki kujua. Wazee walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Nami naongeza kwamba kupokea nako kwataka kusitiriwa.

Sasa yako maneno ya mahali pa kwenda. Watu wengi hudhani uzuri wa safari ni umbali wake na gharama yake. Sivyo. Kutoka Mombo, penye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, mpaka Lushoto ni kilomita thelathini na kidogo tu, lakini njia hiyo hupanda mlima kwa kona zisizohesabika, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Ukifika Soni waona maporomoko ya maji kando ya barabara. Hewa hubadilika, aliyevua koti Mombo hulivaa tena juu. Na aliyetuendesha salama katika kona hizo ni mwenzetu aliyekuwa wa mwisho darasani katika hesabu, ambaye sasa ni dereva wa miaka ishirini. Hapana aliyemwuliza alama zake siku hiyo.

Kutoka mjini Lushoto tulikwenda kwa miguu mpaka genge la Irente. Hapo mlima hukatika ghafula, na chini sana waona uwanda, na mashamba ya mkonge kwa safu zake. Wengine walianza kupiga picha. Lakini mmoja wetu, ambaye ni bwana shamba, alitueleza tunachokitazama. Mkonge si mmea wa kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche elfu moja iliyoagizwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai. Kutoka hiyo michache yakatokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze dunia kwa mkonge mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla kamba za nailoni hazijaharibu soko lake.

Kisha akatuonyesha miteremko ya mashamba nyuma yetu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta ili udongo usichukuliwe na mvua. Wakulima walikataa, kwa kuwa kazi ilikuwa nzito na ardhi yenyewe ndogo, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru wa 1961. Hata hivyo mvua haikuacha kuchukua udongo. Tulibishana hapo saa nzima: je, jambo jema likiletwa kwa fimbo, hubaki jema? Hata ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya hulipanda katika vyungu madirishani lilitoka upande huu wa Tanga. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 likapewa jina la kitaalamu kwa jina lake. Sisi tuliozaliwa nchi hii, wengi wetu tulikuwa hatulijui.

Hiyo ndiyo tembea uone. Mandhari bila maelezo ni picha ya ukutani. Kila darasa lina mtu ajuaye jambo, awe mkulima, mwuguzi au fundi. Safari ni nafasi ya kumsikiliza.

Kwa wazazi wenzangu na wanafunzi wa zamani nasema: pimeni mchango kwa mfuko ulio mwembamba kuliko yote, si kwa ulio mnene. Chagueni mahali ambapo mtu atarudi na kitu kichwani. Na kabla ya kuondoka, tajeni majina yote ya darasa kama mwalimu atajavyo asubuhi, na kila jina lisiloitikiwa apewe mtu mmoja kazi ya kulitafuta. Sisi tulifanya hivyo, na watatu tumekwisha waona.

Nanyi wanafunzi mlio madarasani leo, msidhani maneno haya ni ya wazee tu. Mjue mwenzako atoka kijiji gani, na wazazi wake ni nani. Namba ya simu hubadilika; kijiji hakibadiliki. Wala msimcheke aliye wa mwisho, maana hamjui ni nani atakayeshika usukani katika kona za Mombo.

Kuhusu madawati, tulichanga kidogo tulipokuwa njiani kurudi, na Mkuu wa Shule amekwisha pokea. Ni machache, lakini yametoka kwa watu ishirini na sita, si kumi na mmoja. Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na ayaandike katika gazeti lijalo, nami nitayasoma kwa furaha.