Jiwe halikumbuki, mwalimu ndiye akumbushaye

Mkenya asikiapo neno mapinduzi, aghalabu hukumbuka milio ya risasi ya Agosti 1, 1982. Si ajabu, kwani kitenzi pindua kina ukali ndani yake. Hata hivyo, kule Ufilipino pana kanisa lililojengwa kuadhimisha mapinduzi ambayo silaha zake zilikuwa rozari, maua na chakula walichopewa askari.

Kanisa hilo limo katika jiji la Quezon, mahali barabara ya Ortigas inapokutana na ile iitwayo EDSA. Lilijengwa mwaka wa 1989, na juu yake imesimama sanamu ya Bikira Maria, Malkia wa Amani. EDSA ni kifupi cha jina la barabara ya Epifanio de los Santos, mwanahistoria aliyepata kuwa msimamizi wa maktaba na makavazi ya taifa lake.

Mnamo Februari 22, 1986, Kadinali Jaime Sin aliwaomba wananchi kupitia Radio Veritas watoke wawakinge wanajeshi waliomwasi Rais Ferdinand Marcos, aliyetawala tangu 1965 na ambaye alishutumiwa kuiba kura mwezi uo huo. Umati ulifurika barabarani. Watawa walipiga magoti mbele ya vifaru, navyo vikasita. Siku ya nne Corazon Aquino aliapishwa, na usiku wake Marcos akatoroka, akaishia Hawaii.

Lakini tusidhani kwamba patakatifu pana ulimi wa kujisemea. Januari 2001 umati ulikusanyika papo hapo, Rais Joseph Estrada akang'oka. Aprili mwaka huo huo wafuasi wake nao walipajaa wakidai arejeshwe, na maandamano yao ya kwenda ikulu Mei 1 yakaishia katika umwagaji wa damu. Mwaka wa 2022, mwanawe Marcos, mwenye jina la babake, alichaguliwa rais kwa kura zaidi ya milioni 31. Vijana wengi waliopiga kura hizo walikuwa hawajazaliwa mwaka wa 1986.

Wapo watakaosema kwamba kanisa lile limeshindwa kazi. Mimi sikubaliani nao. Mpiga kura ana hiari yake, na jengo haliwezi kumwamulia. Jengo huhifadhi mahali. Maana ya mahali huhifadhiwa na masimulizi. Simulizi ikikatika, jina hubaki sauti tupu.

Nasi tujiulize. Ni wanafunzi wangapi wapitao Uhuru Park, Nairobi, wakijua kwamba Februari 1992 akina mama waligoma kula pale wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe, wakapigwa na polisi, kisha wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints? Hawakurusha jiwe, wala hawakurudi nyuma. Wanafunzi wasipoyajua hayo, kosa si lao.

Mwalimu mwenzangu, usingoje mtaala ukuamuru. Wapeleke wanafunzi wako mahali hapo, au wasimulie darasani, kisha waache wabishane. Nawe mwanafunzi, waulize wazee wako kungali mapema. Akili ni mali, lakini mali isiyorithishwa hupotea pamoja na mwenyewe.