Bustani ya Umma Si Uwanja wa Kampuni

Katika majira ya joto ya mwaka 2016, bustani ya Lake Park katika mji wa Milwaukee, nchini Marekani, ilifurika watu wasiotazama ziwa wala miti. Kila mmoja alikuwa ameinamia simu yake, akisaka viumbe vya kubuni ambavyo haviko popote isipokuwa katika kioo cha simu. Majani yalikanyagwa, taka zikazagaa, na majirani wakalalamikia kelele za usiku. Mchezo huo unaitwa Pokémon Go, na ulikuwa umetolewa mwezi Julai mwaka huo na kampuni ya Niantic.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watoto, na kwamba mtumishi wa umma au mwalimu hana sababu ya kuyapotezea muda. Hatukubaliani nao. Suala lililozuka Lake Park si la watoto hata kidogo: ni nani mwenye haki ya kuweka alama, hadithi na biashara juu ya ardhi ya umma bila kuwauliza wenyewe?

Simu ya siku hizi hujua mahali ilipo kwa kupokea ishara za setilaiti. Hadi mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikizipunguzia usahihi kwa makusudi ishara wanazotumia raia. Upotoshaji huo ulipokoma mwezi Mei mwaka huo, haikupita hata wiki moja kabla ya mtu mmoja katika jimbo la Oregon kuficha ndoo ya vitu msituni, akatangaza vipimo vya mahali hapo, na kuwaalika wengine waitafute. Kampuni zilizofuata hazikuhitaji ndoo. Zilitandika juu ya dunia hii ramani ya pili isiyoonekana kwa macho, na juu ya ramani hiyo zikapanga vituo, zawadi na mapambano.

Ramani hiyo ya pili ilichorwa na nani? Kwa sehemu kubwa ilichorwa na wachezaji wenyewe, bila ujira. Mchezo wa Niantic uliotangulia, Ingress, ulioanza mwaka 2012, uliwataka wapendekeze sanamu, michoro na majengo ya kihistoria, na alama hizo ndizo zilizohamishiwa katika Pokémon Go. Matokeo yake yaliandikwa na waandishi wa habari na watafiti mwaka huo huo wa 2016: katika miji kadhaa ya Marekani mitaa ya watu weusi ilikuwa na vituo vichache kuliko mitaa ya weupe. Hakuna aliyekaa mezani na kuamua kuwabagua. Walioulizwa habari za mji walikuwa wale wale wanaoulizwa siku zote, basi mji ukachorwa kama wanavyouona wao.

Biashara nayo haikulala. Nchini Japani mikahawa ya McDonald's ipatayo 3,000 iligeuzwa kuwa vituo vya mchezo, ili msakaji aongozwe hadi mlangoni. Mwaka 2025 Niantic ikauza michezo yake kwa Scopely, kampuni iliyo chini ya Savvy Games ya Saudi Arabia, kwa dola bilioni 3.5, na ujuzi wa kuchora dunia, ambao umelishwa pia na picha za mahali zilizopigwa na wachezaji, ukabaki katika kampuni mpya iitwayo Niantic Spatial. Mchezaji aliyetembea maili nyingi kwa miguu yake alibaki na viumbe vyake vya kubuni.

Lakini lililotugusa zaidi si fedha. Jumba la kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi mjini Washington lililazimika kuwaomba wageni wasisake viumbe ndani yake. Mji wa Hiroshima ulilazimika kuiomba kampuni iondoe alama katika bustani yake ya amani kabla ya tarehe 6 Agosti, siku ya kuwakumbuka waliouawa kwa bomu la atomiki. Alama ziliondolewa, nasi tunaisifu kampuni kwa hilo. Hata hivyo, kwa nini aliyefiwa ndiye apige hodi?

Watawala wa Milwaukee walijaribu njia ya sheria. Mwaka 2017 waliagiza kwamba kila mchezo wa namna hii uombe kibali kabla ya kutumia bustani zao, pamoja na mipango ya taka, ulinzi na bima. Kampuni iitwayo Candy Lab ikaenda mahakamani, na mwezi Julai hakimu wa shirikisho akaizuia sheria hiyo kwa msingi wa uhuru wa maoni. Kwa haki kabisa, sheria ile ilikuwa nzito mno, kwani ilimtwisha mbuni mdogo mzigo wa tajiri. Nia yake, hata hivyo, ilikuwa njema.

Wala tusidhani kwamba ufundi wenyewe ni mbaya. Kundi la wasanii wa Kiingereza, Blast Theory, lilionyesha mjini London njia nyingine. Mwaka 2003 liliwatuma watu mitaani kumtafuta mhusika mmoja wa kubuni, wakisaidiwa na wasiowajua waliokuwa kwenye kompyuta, na mwishowe kila mmoja akaulizwa kama yu tayari kumsaidia mgeni akipatwa na shida katika muda wa mwaka mzima. Mwaka 2007 liliwapandisha watu baiskeli usiku: kila mmoja atafute maficho yake, ajibu swali kuhusu maisha yake kwa sauti, kisha awasikilize waliojificha hapo kabla yake. Hapo mji ulizungumza kwa vinywa vya wakazi wake. Walimu watakumbuka kwamba mtambaji wetu naye, akisema "Paukwa", husubiri aitikiwe "Pakawa" ndipo aanze.

Tunazishauri halmashauri za miji zisingoje bustani zifurike. Ziorodheshe sasa makaburi, hospitali, shule na mahali pa ibada ambapo alama za michezo haziwekwi bila ridhaa ya wahusika, na ziteue ofisi moja ya kupokea malalamiko na kuyafikisha kwa kampuni. Kibali kizito kitozwe kwa wenye biashara kubwa tu. Kikundi cha wanafunzi kinachotaka kurekodi simulizi za wazee wa kata, na kuzifunga kwenye mitaa zilikotokea, kipewe ruhusa siku hiyo hiyo.