Siafu, Sisimizi na Mchwa: Nyumba Iliyo Kando ya Msitu

Mtu anayejenga karibu na msitu, kama walivyojenga wengi katika miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, hupata kuni karibu, kivuli na hewa safi. Hupata pia majirani asiowaalika. Usiku mmoja wa mvua kuku huanza kupiga kelele bandani, na mwenye nyumba akitoka na taa huona mstari mweusi ukivuka ua na kupanda ukuta. Ni siafu. Kunapopambazuka, akiisha kuokota mizoga ya vifaranga, huenda mjini kumtafuta mtu mwenye bomba la dawa.

Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea bure. Siafu wakiisha kupita hawapo tena, na mtu mwenye bomba hujua hivyo, lakini si kila mmoja atakayesema.

Fundi aliyefunzwa kazi ya kuzuia wadudu hujulikana kwa jambo moja: hafungui bomba lake kabla ya kuizunguka nyumba. Hutaka kuona ni mdudu gani, anatoka wapi, na amefuata nini. Wale wanaoitwa kwa jumla "wadudu wa msituni" si wa namna moja, na dawa inayofaa kwa mmoja yaweza kumnufaisha mwingine.

Siafu hawana makao ya kudumu. Kundi moja huwa na wadudu mamilioni, wote watoto wa malkia mmoja, nao hukaa shimoni, mara nyingi chini ya mizizi ya mti, kwa siku au wiki kadhaa tu, kisha huhama. Wafanya kazi wao ni vipofu kabisa; huongozwa na harufu ya njia iliyopitwa na wenzao. Basi anayeupiga mstari wao kwa dawa au kwa moto ndani ya nyumba huvunja njia hiyo, na wale waliokuwa wakipita kwa utaratibu hutawanyika vyumbani, kitandani na katika nguo. Mwenye nyumba hujiona amepigana vita, kumbe ameviingiza chumbani mwake.

Wazee wa milimani walikuwa na desturi yenye akili zaidi. Walitoka nje, wakawaachia siafu nyumba kwa saa chache, na waliporudi hawakukuta mende, kunguni wala panya wachanga. Siafu huila nyama yoyote isiyoweza kukimbia, na hatari yao kubwa ni hapo. Mtoto mchanga asiachwe peke yake hata kwa dakika moja siafu wanapoonekana uani. Mbuzi na ndama walio kambani wafunguliwe upesi, na banda la kuku lifunguliwe mlango, kwa maana kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Majivu yakimwagwa kwa wingi kizingitini huweza kuwageuza njia. Miguu ya kitanda cha mgonjwa asiyeweza kuondoka ikisimamishwa katika makopo ya maji, wadudu hawana pa kupandia, mradi shuka zisiguse sakafu wala ukuta. (Yale madude makubwa ya rangi ya kahawia yenye mabawa, ambayo hujigonga kwenye taa usiku na kuwatisha watoto, ni madume ya siafu, nayo hayaumi kama wafanya kazi.)

Sisimizi ni habari nyingine. Hawa hukaa, na huja kila siku kwa ajili ya sukari, mafuta na makombo. Karibu na miti huwa na sababu ya pili: juu ya majani wapo vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza maji ya mti na kutoa utomvu mtamu, na sisimizi huwachunga kama mtu achungavyo ng'ombe wake wa maziwa. Tawi lililogusa paa ni daraja lao. Likikatwa, nusu ya kazi imekwisha, na panga halina gharama. Kuwanyunyizia dawa wale wanaoonekana jikoni huua watafutaji tu, wala malkia shimoni hapati habari. Tena wako sisimizi ambao wakishtuliwa hivyo hugawanyika, na kundi moja likawa mawili au matatu. Kwa hiyo fundi mwema hutumia chambo: sukari iliyochanganywa na boraksi kidogo, ifanyayo kazi polepole, ili mfanya kazi apate nafasi ya kuibeba hadi nyumbani na kuwalisha wenzake. Akiizidisha nguvu, sisimizi hufa njiani na chambo hakifiki. Kiwekwe mahali ambapo mikono ya watoto haifiki.

Mchwa ndiye adui wa nyumba yenyewe, wala si jamaa ya siafu. Wataalamu humweka pamoja na mende. Yeye hali sukari, hula nguzo. Alama yake ni vijia vya udongo vinavyopanda msingi na ukuta, maana hapendi mwanga wala hewa kavu. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maadui wakubwa wa mchwa ni hao hao siafu na sisimizi. Wako chungu weusi wakubwa wanaotoka kwa safu kuvamia mchwa na kurudi wakiwa wamewabeba kinywani. Anayemwaga sumu uwanja mzima, hata kusibaki mdudu, huenda amewaua askari waliokuwa wakilinda nguzo zake bila mshahara. Dhidi ya mchwa, msingi wa saruji usio na nyufa, nguzo zilizotiwa dawa kabla ya kusimamishwa, na kuni zilizopangwa mbali na ukuta vina faida ya miaka mingi kuliko bomba la siku moja.

Wanaokumbuka miaka ya 1950 wanakumbuka dieldrini na aldrini, ambazo zilisifiwa sana kwa kuwa zikitiwa ardhini zilikaa miaka. Sifa hiyo ndiyo iliyokuwa balaa. Zilikaa pia katika mafuta ya wanyama, katika maziwa na katika miili ya watu, hata mataifa yakakubaliana mjini Stockholm mwaka 2001 kuzipiga marufuku, na mapatano hayo yakaanza kutumika mwaka 2004. Akitokea mtu leo akinong'ona kwamba anayo "ile dawa ya zamani, yenye nguvu," afungiwe mlango.

Nchini Kenya iko sheria ya dawa hizi tangu mwaka 1982, na Bodi iliyowekwa kwa sheria hiyo huandikisha kila dawa kabla haijauzwa. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona chupa yenyewe, si maji yaliyokwisha kuchanganywa nyumbani kwa fundi, na kusoma jina la dawa, nambari ya kuandikishwa na kipimo. Karani anayesoma barua za ofisi siku nzima asione haya kusoma karatasi ndogo ya chupa. Tena amwulize fundi baada ya saa ngapi watoto wanaweza kurudi ndani, na kuku uani. Asiyekuwa na jibu alipwe nauli yake arudi alikotoka.

Dawa ikibaki, isitiwe katika chupa ya soda. Kopo tupu litobolewe, lisichotewe maji wala kuwekwa maziwa, hata likioshwa mara kumi.