Mimi Sijawahi Kushika Bastola

Kama wewe ni Mmarekani, na mwaka juzi ulikuwa unatafuta kioo cha nukta nyekundu cha kufunga juu ya bastola yako, kuna uwezekano ulisoma ushauri wangu. Niliandika kwamba nimebeba bastola kiunoni kwa miaka 11. Niliandika kwamba nimefyatua risasi 2,000 kwa kioo kidogo na nyingine 2,000 kwa kioo kikubwa, kwa mvua na kwa jua. Niliandika hata kwamba mke wangu anakipenda kile kidogo.

Sina mke. Nakaa bedsita Kahawa West. Bunduki iliyowahi kunikaribia zaidi ni G3 ya afande mmoja aliyepanda matatu yetu usiku akakaa kiti cha mbele yangu. Nilishuka stage moja kabla ya yangu, nikatembea.

Wengi mnaosoma hapa mnaijua hii kazi. Mteja yuko ng'ambo, wewe uko na laptopu na bando. Anakutumia kichwa cha makala, idadi ya maneno, na jina la kuandikia. Langu lilikuwa jina fupi la kizungu, na picha ya mzee mwenye ndevu ambaye sijui walimtoa wapi. Malipo yalikuwa senti moja ya dola kwa neno. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokwama, lakini kwenye mtandao nishakuwa muuguzi, wakili wa talaka, fundi wa mabomba na mwanajeshi mstaafu. Huyo mwanajeshi ndiye ninataka kumzika leo.

Wacha kwanza nieleze kitu chenyewe, kwa sababu ubaya wa uongo huu hauonekani bila hiyo.

Bastola ya kawaida ina alama mbili za chuma za kulengea, moja nyuma na moja mbele. Unazipanga mstari mmoja na kile unacholenga. Kioo cha nukta kinaondoa hesabu hiyo. Ni kioo kidogo kilichosimama juu ya slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka. Taa ndogo inapiga kwenye kioo, nayo nukta inarudi kwa jicho lako. Unaangalia unacholenga, nukta inakaa juu yake. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilitoa cha kwanza cha aina hiyo cha kielektroniki mwaka 1975, na kwa miaka mingi vilikuwa vitu vya bunduki ndefu na vya mashindano. Trijicon walipotoa RMR mwaka 2009, ndipo mambo ya kuweka nukta juu ya bastola ya kubeba kila siku yalianza kushika. Leo bastola nyingi mpya zinatoka kiwandani slaidi ikiwa imeshachongwa mahali pa kukifunga.

Halafu bastola zikaanza kuwa nyembamba ili zifichike chini ya shati. Slaidi ya Glock 19 ina upana wa milimita 25.5. Ya Glock 43X ni milimita 22. Ukifunga kioo kikubwa juu ya ile nyembamba, kinaning'inia pande zote mbili, na mara nyingi hata matundu ya skrubu hayalingani. Kwa hivyo vikatengenezwa vioo vidogo. Kikubwa au kidogo? Hilo ndilo swali lililonilipia kodi miezi mitano.

Sasa tazama tofauti yenyewe. Chukua Holosun, kampuni ambayo vioo vyake vimejaa kwenye soko hilo. Dirisha la 507C, kile kikubwa, lina upana wa milimita 23 na kimo cha 16. La 507K, kile kidogo, ni karibu 20 kwa 15. Yaani milimita tatu kwa upana na moja na kitu kwa kimo. Chukua kitambulisho chako, vipange vitatu au vinne pamoja, huo unene ndio tofauti. Nimeandika maneno 1,800 juu ya unene wa vitambulisho vinne, tena mara sita, kwa wateja tofauti, na mara tatu nilitangaza kikubwa mshindi na mara tatu kidogo, kulingana na kile mteja alikuwa na kiungo cha kuuza.

Jibu la kweli lingetosha kwenye ujumbe mmoja wa simu. Angalia slaidi yako na matundu yake ya skrubu. Kama ni nyembamba, chukua kidogo. Kama ni pana, chukua kikubwa, kwa sababu dirisha pana linakusamehe zaidi ukiinua mkono vibaya. Ukishanunua, fanya mazoezi mpaka uchoke. Hiyo ni senti 30 hivi. Hakuna mtu analipwa kuandika hiyo.

Mtaniambia, sasa uongo uko wapi? Vipimo vilikuwa sahihi, ulivitoa kwa watengenezaji. Kweli. Vipimo vilikuwa sawa kabisa. Uongo ulikuwa kwa neno moja dogo: mimi.

Kuna mwanamke aliandika chini ya moja ya zile makala. Alisema ni muuguzi, anafanya zamu za usiku, na mtu aliyeachana naye amekuwa akimngoja kwenye maegesho ya magari. Amenunua bastola nyembamba. Aliuliza achukue kioo gani. Mteja akanitumia swali, jibu kama mzee. Nikajibu kama mzee. Nilimwambia achukue kidogo, kwa sababu ni bora kwa mikono ya wanawake.

Rudia hiyo sentensi polepole. Kioo hukaa juu ya slaidi. Hakishikwi na mkono. Mkono unashika mpini. Ukubwa wa kiganja cha mtu hauhusiani kabisa na kioo gani kinafaa, na mtu yeyote ambaye ameshika kile kitu hata dakika tano angejua. Nilikuwa nimeisoma mahali, imeandikwa na mtu mwingine, pengine kijana mwingine kwenye bedsita nyingine. Kwa bahati jibu lenyewe liliangukia sawa, maana bastola yake ilikuwa nyembamba. Sababu ilikuwa takataka.

Wiki mbili baadaye akarudi. Amekifunga. Akiinua bastola haoni nukta, anaona kioo kitupu. Je, kimeharibika?

Mteja akasema mwambie abadilishe betri. Nikamwambia abadilishe betri.

Hakikuwa kimeharibika. Niliijua miezi baadaye, nikisoma kwa sababu zangu mwenyewe, usiku, bila kulipwa. Nukta haikai pale muda wote kama stika. Unaiona tu ikiwa bastola imekaa sawa na jicho lako. Ukiinua mdomo wa bastola ukiwa juu kidogo au umepinda kidogo, nukta inakuwa nje ya dirisha, nawe unatazama kioo kitupu huku ukiitafuta kwa kuzungushazungusha mkono. Hiyo ndiyo shida ya kwanza ya karibu kila mtu anayehama kutoka alama za chuma. Na dirisha likiwa dogo, nafasi ya kukosea inapungua. Dawa yake si betri. Ni mazoezi, na bastola isiyo na risasi, uliyoikagua mara mbili, ukiielekeza mahali salama: unainua, unatafuta alama ya mbele ya chuma kwanza, nukta inakuja hapo juu yake. Tena na tena, siku nyingi, mpaka mkono ujue njia wenyewe.

Mtu aliyebeba bastola miaka 11 angemwambia hivyo hata kabla hajamaliza kuuliza. Mimi nilimwambia betri. Hakuandika tena. Sijui kama alijifunza kwa mtu mwingine, au alikirudisha dukani, au aliendelea kwenda kazini na kioo kitupu kiunoni, akiamini mzee mwenye ndevu.

Nikiwasimulia wenzangu hii stori, huwa napata majibu matatu. Wacha niyajibu hapa, kwa maandishi.

La kwanza: msee, kodi. Naijua kodi. Landilodi wangu hajawahi kukubali aya kama malipo. Lakini angalia vizuri ni nini tunachouza. Kuandika ni kazi, kutafuta habari ni kazi, kupanga vipimo kwenye jedwali ni kazi halali, na ningeifanya hata kesho. Ningeweza kuandika "mtengenezaji anasema dirisha lina upana huu" na nisingedanganya mtu. Mteja alikataa. Nilijaribu, akaniambia wasomaji wanataka mtu aliyekitumia. Kumbe wasomaji wanajua wanachohitaji! Wanataka shahidi. Sisi tunawauzia ushahidi wa mtu ambaye hakuwepo, kwa senti moja neno. Kortini kitu hicho kina jina na kina kifungo.

La pili ni la wenye akili, na linakuja sana kwenye meza za waandishi: hata mwandishi wa riwaya anaandika vita ambavyo hakupigana. Sawa. Lakini msomaji wa riwaya ameingia akijua. Amekubali kudanganywa na amelipia. Hakuna anayemaliza riwaya ya vita kisha akabeba silaha kwa maagizo ya mhusika mkuu. Yule muuguzi hakuja kwangu kutafuta hadithi. Alikuja kuuliza barabara, nami nikampa ushairi.

La tatu ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu linasemwa kwa kicheko: wacha Wamarekani wajipange, bana. Wao ndio wanataka bunduki. Hapa kwetu ukitaka bastola lazima upewe cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya leseni ikuulize sababu zako. Kule ni haki iliyoandikwa kwenye katiba yao tangu 1791, na mwaka 2022 Mahakama yao ya Juu ikasema inahusu hata kubeba nje ya nyumba. Kwa hivyo ni shida yao.

Nimewahi kucheka hivyo pia. Niliacha Juni 2024. Tarehe 25 nilikuwa tauni kama wengi wenu, na nilisikia risasi zikilia kwa masikio yangu, si kwa video. Nilijificha nyuma ya kaunta ya duka la simu na watu tisa nisiowajua, dada mmoja amenishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Jioni nikafika nyumbani, nikafungua laptopu, na kulikuwa na oda inaningoja: maneno 1,200, nukta ya dakika tatu au ya dakika sita kwa kujilinda. Dakika ni kipimo cha pembe, sehemu ya 60 ya digrii. Nukta ya dakika sita ukiwa mita 25 inafunika duara la kama sentimita nne na nusu. Ukiwa mita tano inafunika chini ya sentimita moja. Nilifanya hiyo hesabu nikiwa bado na alama za kucha mkononi. Mwaka mzima nilikuwa nikipima nukta na dirisha, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kufikiria kile ambacho nukta inafunika.

Huko kwao zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua wenyewe. Kwa umbali huo hakuna haja ya kioo, kikubwa wala kidogo. Katika makala zangu zote sita hakuna hata mstari mmoja uliotaja hilo, kwa sababu mzee mwenye ndevu hakuwa na marafiki, hakuwa na kaka aliyelala na msongo, hakuwa na chochote isipokuwa kiungo cha kununua. Mtu halisi angekuwa na la kusema, kwa ubaya au kwa uzuri.

Ninachotaka si kwamba muache kuandika. Wala si kwamba Mkenya asiandike mambo ya Marekani, hiyo ni upuzi, wao wameandika yetu miaka mia bila kuulizwa. Nataka kitu kimoja tu: mtu akikuomba "mimi", mnyime. Mwuzie utafiti, mwuzie sarufi, mwuzie usiku wako. Akisema andika umekitumia na hujakitumia, mwambie hapana, na kama njaa haikuruhusu kusema hapana, basi angalau usikubali kazi ambayo mtu anaweza kuibeba kiunoni, kumeza, au kuwalisha watoto wake. Anza hapo.

Nami naanza hapa, kwa jina langu. Kama yule muuguzi atawahi kupata mtu wa kumtafsiria hii: dada, kioo chako hakikuwa na shida. Inua bastola tupu, tafuta alama ya mbele, nukta itakuja. Ikionekana imetawanyika kama nyota, ipige picha na simu. Kama kwenye picha ni duara safi, basi ni jicho lako, ona daktari wa macho. Na tafuta mwalimu wa uwanjani, mtu unayeweza kumwona uso, aliyeshika hivi vitu kweli.

Mimi sijawahi kushika bastola.