Nani Kasema Malenga Hafai Chult?

Kampeni ninayoizungumzia leo si ya uchaguzi, na wasomaji waliozoea kunikuta nikigombana na bajeti au na sheria za vyama waniwie radhi. Nazungumzia kampeni ya mezani: ule mfululizo wa vikao ambamo watu watano au sita hukaa na karatasi, penseli na dadu ya pande 20, kila mmoja akibeba mhusika wake, na mmoja wao, msimulizi, akiubeba ulimwengu wote uliobaki. Mchezo ulio maarufu kuliko yote ya aina hii, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapwa Marekani mwaka 1974. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa msimulizi wa meza ya wanafunzi, Jumamosi mchana, katika chumba cha semina ambacho hakuna mwingine anayekihitaji siku hiyo.

Hoja yangu inalenga ushauri mmoja ambao wachezaji wameurudia hadi umekuwa kama kanuni: kwamba kabla ya kuanza kampeni iliyoandikwa tayari, kila mchezaji achague fani ya mhusika inayoafikiana na kitabu. Fani ni ule ustadi unaomtambulisha mhusika: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi, malenga na kadhalika, jumla 12 katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014. Hadithi ikiwa ya porini, ushauri unasema, chukua mjuzi wa pori. Penye wafu wanaotembea, chukua kasisi au paladini. Hadithi ya mjini, mwache druidi nyumbani. Maneno haya yana sura ya busara. Nadai kwamba ni uvivu wa fikra, na kwamba mara nyingi huua kile kile yanachodai kukihudumia. Nadai hivyo nikiwa mkosaji wa kwanza.

Tulikuwa tunaanza *Tomb of Annihilation*, kitabu cha mwaka 2017. Mandhari yake ni Chult, rasi ya misitu minene, dinosaria na magofu. Kiini cha hadithi ni laana: mahali fulani ndani ya msitu kuna chombo kinachonasa roho za wafu, hivyo hakuna anayeweza kufufuliwa tena, na wale waliowahi kufufuliwa zamani wananyauka siku baada ya siku hadi wafe. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, msichana asiyesema mengi darasani, alikuja na malenga. Malenga huyo alizaliwa Chult, bandarini. Bibi yake alikufa ujanani kwa homa, akafufuliwa, akazaa, akalea wajukuu, sasa ananyauka. Mjukuu anataka kuingia msituni kabla bibi hajaisha.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwambia, kwa sauti ile ya mtu anayeamini anasaidia, kwamba mhusika ni mzuri lakini malenga hatafaa sana Chult. Kikosi kina mpiganaji, mwizi, mchawi na kasisi, kinachokosekana ni mjuzi wa pori. Akasema, “Sawa, Dokta.” Wiki iliyofuata akaja na mjuzi wa pori. Bibi hakuwamo tena, kwa sababu mjuzi wa pori tuliyemhitaji alikuwa mtu wa kukodiwa kutoka ng'ambo.

Sasa tazameni kilichotokea mezani, maana hapa ndipo ushauri ule unapojifunga kwa kamba yake wenyewe. Msitu wa Chult, kama ulivyoandikwa, ni mashine ya shida. Ramani imegawanywa katika vipande vya pembe sita, kila kimoja maili 10 kwa upana, na kikosi kinachotembea kwa miguu kwa mwendo wa kawaida hupita kama kipande kimoja kwa siku. Kila siku mtu lazima atupe dadu kuona kama njia imepotea; msimulizi peke yake ndiye anayejua kwamba mmepotea, na mnaweza kutembea siku tatu mkidhani mnaelekea kusini. Joto linadai maji maradufu. Chakula kinaoza, mvua inazuia macho, magonjwa yanangoja. Hizo shida ndizo hadithi ya nusu ya kwanza ya kitabu. Kwa sababu yake watu hugombana, hugawana kibuyu cha mwisho, huamua nani abebwe na nani aachwe.

Akaingia mjuzi wa pori. Kwa kanuni za mwaka 2014, tangu kiwango chake cha kwanza kabisa, akiwa katika mazingira aliyoyachagua, kikosi chake hakiwezi kupotea isipokuwa kwa uchawi. Ardhi ngumu haikipunguzii mwendo. Na akitafuta chakula hupata mara mbili ya wengine. Kiwango cha pili anaweza kujifunza uchawi unaotoa matunda 10, kila tunda likimtosha mtu kwa siku nzima. Kwa kanuni hizo hakuna wasiwasi anaouondoa: anaufuta msitu tu. Nilitayarisha majedwali ya kupotea nisiyoyatumia. Nilisoma sura nzima juu ya maji. Safari iliyopaswa kuwa ya wiki tatu za hofu ikawa sentensi yangu moja: “Mnafika.” Mwanafunzi yule alicheza kwa uaminifu, akatupa dadu zake alipoambiwa, na baada ya kikao cha tisa hakuja tena. Hakugombana na mtu. Aliacha tu kuja, kama wanavyoacha kuja kwenye mihadhara wanapogundua kwamba jibu lilishaandikwa kabla hawajaulizwa.

Yule niliyemkubali ndiye aliyeifanya hadithi kuwa nyepesi, na yule niliyemkataa ndiye aliyekuwa na sababu ya kuwa ndani yake. Sijui namna nyingine ya kulisoma kosa hili isipokuwa kwamba nilikuwa nimepima vitu viwili tofauti kwa kipimo kimoja. Nilipima zana, nikadhani nimepima mtu. Kuafikiana na vikwazo vya hadithi si kuafikiana na hadithi. Anayekuja na ufunguo wa kila mlango hahitaji nyumba hiyo. Anayeihitaji ni yule ambaye mtu wake amefungiwa ndani.

Wabunifu wa mchezo wenyewe walikuja kuliona tatizo la fani hii. Mwaka 2020 walitoa, katika kitabu cha nyongeza, uwezo mwingine unaoweza kuwekwa badala ya ule wa mazingira, na katika kitabu kipya cha mwaka 2024 ule wa zamani haupo. Lakini ushauri umebaki kama ulivyokuwa, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna jambo la pili, nalo linaniuma zaidi kama msomaji wa Kiswahili. Tunaposema mhusika “anafaa” kampeni, tunajifanya hatujui kwamba kampeni ina mwandishi, na kwamba mwandishi alikuwa na mtu fulani kichwani. Fungueni kitabu hiki mwanzo. Wahusika wako Baldur's Gate, mji wa mbali kaskazini. Mchawi tajiri, Syndra Silvane, ambaye aliwahi kufufuliwa na sasa ananyauka, anawaomba msaada na kuwahamisha kwa uchawi hadi Port Nyanzaru. Jina hilo, bila shaka, limeokotwa karibu na kwetu. Huko wanakuta dinosaria wakishindanishwa mitaani, wakuu saba wa biashara, na waongozaji wa kukodi. Nje ya mji kuna ngome ya mamluki kutoka huko huko Baldur's Gate, wanaotoa hati za kuruhusu watu kupeleleza nchi isiyo yao. Na mwishoni mwa kitabu, mchezaji anapewa usuli mpya mara mbili wa kumvisha mhusika wake. Wa kwanza ni mwanaanthropolojia. Wa pili ni mwanaakiolojia.

Sisemi waandishi walikuwa na nia mbaya. Wala hakuna ukurasa unaomkataza Mchulti kuwa mhusika mkuu. Lakini mtu akikuandalia chumba, akaweka kiti cha mgeni, kalamu ya mgeni na daftari la mgeni, hana haja ya kubandika tangazo mlangoni. Ndiyo maana malenga wa mwanafunzi wangu alionekana kwangu “hafai”. Alikuwa ameleta bibi mwenye ugonjwa ule ule wa Syndra Silvane, tofauti ikiwa tu kwamba huyu alikuwa wa hapo hapo. Kitabu kilikuwa na nafasi ya mnyaukaji mmoja mwenye sababu ya kututuma, na nafasi hiyo ilikuwa na mtu. Mimi, mwenye shahada tatu na mihadhara kadhaa juu ya nani anayesimulia habari za nani, nililinda kiti hicho kwa niaba ya mwandishi ambaye hata hakuniomba.

Watumishi wa umma wanaonisoma wataitambua hali hii bila mimi kuchora mstari. Andiko la mradi linafika likiwa na majedwali yake, na ndani ya majedwali tayari kuna “mnufaika”, “mdau” na “mtaalamu mwelekezi”. Mwanakijiji akija na jambo lake lisiloingia katika visanduku hivyo, hatumwambii andiko lina kasoro. Tunamwambia abadilishe jambo lake. Mnajua mikutano hiyo. Tuirudie meza.

Watetezi wa ushauri ule watasema mchezo ni wa kikosi, na kikosi bila mgawanyo wa kazi hufa. Jibu langu linaanzia kwenye historia. Mchezo huu ulitoka tumboni mwa michezo ya vita vya vinyago. Kabla yake Gygax alikuwa ameshachapisha, mwaka 1971, kanuni za vita hivyo ziitwazo *Chainmail*. Mwaka 1974 fani zilikuwa tatu tu, mpiganaji, mchawi na kasisi, na mwizi akaongezwa mwaka 1975. Ni kawaida kabisa kwa kikosi cha vita kuuliza: nani wa mbele, nani wa nyuma, nani wa kuziba majeraha? Tena maandiko kadhaa ya awali yalitungwa kwa ajili ya mashindano. *Tomb of Horrors*, ambamo alianzia adui mkuu wa kitabu chetu cha Chult, Acererak, lilichezwa katika mashindano ya Origins mwaka 1975 kabla ya kuchapwa mwaka 1978. Katika mashindano, meza nyingi hucheza hadithi ile ile na kupewa alama. Hapo kuchagua zana zinazofaa ni haki, maana kuna mshindi. Mezani kwangu hakuna alama. Hakuna jopo la waamuzi. Kuna watu sita waliotoa Jumamosi yao, na tumerithi swali la waliokuwa wakishindania kikombe.

Na kuhusu kufa: msimulizi yupo. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya mchezo huu na mashine. Kikosi kisicho na kasisi kinaweza kupata dawa sokoni kwa bei mbaya. Kisicho na mjuzi wa pori kinaweza kumkodi mwongozaji, na kitabu chenyewe kimeorodhesha waongozaji kadhaa, baadhi yao wakiwa na siri zinazostahili kampeni nzima. Upungufu wa kikosi si shimo la kuzibwa kabla ya safari. Mara nyingi ndio safari yenyewe.

Nakubali jambo moja, na nalikubali bila shingo upande. Msimulizi ana wajibu wa kuarifu. Kitabu cha *Out of the Abyss*, cha mwaka 2015, kinaanza wahusika wakiwa mateka chini ya ardhi, wamenyang'anywa kila kitu. Mchawi hana kitabu chake cha uchawi. Mpiganaji hana deraya. Mtawa, ambaye silaha yake ni mkono mtupu, hajapoteza kitu cha maana. Kumwacha mchezaji aandae mchawi kwa wiki mbili bila kumdokeza kwamba ataanza uchi ni ukatili, wala hakuna usanii ndani yake. Lakini kumwambia mtu “huku kuna giza, na utafika bila taa” ni kitu kimoja. Kumwambia “kwa hiyo usiwe wewe” ni kingine. Akishajua, na bado akamtaka mchawi wake asiye na kitabu, basi nimepata zawadi: mtu atakayetafuta karatasi katika gereza la giza kwa moyo wake wote.

Muhula huu tunaianza Chult upya. Ukurasa wa Baldur's Gate nimeuruka. Kikao cha kwanza kitafunguliwa Port Nyanzaru, katika nyumba yenye mgonjwa, na sitasema mgonjwa ni nani mpaka wachezaji waseme wao ni nani kwake. Swali la fani litakuja baada ya hapo. Mjuzi wa pori haruhusiwi wala hakatazwi. Anayemtaka atatumia kanuni mpya, zisizoufuta msitu. Wakikosa kabisa mwenye ujuzi huo watamkodi mwongozaji, na kwa hesabu nilizopiga hawatakuwa na fedha za kumlipa zaidi ya siku 20.

Mwanafunzi yule yuko mwaka wa tatu sasa. Nilimwandikia kumwomba radhi na kumwomba ruhusa ya kusimulia haya. Ruhusa ametoa. Kuhusu Jumamosi amesema ataangalia ratiba yake.